Upepo Ndani ya Kombi

Jumatano, 5 Machi 1986

Leo tumepanda Kombi ya kanisa kwa mara ya kwanza, na imechemka kabla hatujafika Uthiru.

Tulikuwa akina mama sita kutoka mitaa ya Jericho na Ziwani, kila mmoja na mtoto wake, na watoto wote ni wagonjwa wa miguu. Mbeti wangu ana miaka saba. Polio ilimshika akiwa wa miaka miwili, na tangu hapo mguu wa kushoto unakanyaga kwa vidole tu. Kisigino kimevutwa juu, hakifiki chini. Hospitali ya mifupa iko huko milimani, kupita Limuru, na ndiyo sababu kanisa lilinunua gari hili kwa mkandarasi mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao.

Dereva ni mwanamke, anaitwa Phelister. Mrefu, ovaroli ya buluu, kitambaa kichwani, na hana maneno. Mshale wa joto ulipopanda aliegesha kando ya barabara, akazima injini, akasema, "Shukeni wote." Basi. Hakusema pole, hakusema tatizo ni nini. Tulisimama juani na watoto mgongoni, moshi mweupe ukitoka nyuma ya gari, naye akasimama tu, mikono kiunoni, akilitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe mgonjwa. Teresiah, jirani yangu wa mlango wa pili, akaniambia kwa Kikamba kwamba tungepewa dereva mwanamume tungekuwa tumefika. Nilikubaliana naye.

Tumefika daktari akivua koti. Amerudi kwa huruma tu. Amemfunga Mbeti plasta ya kwanza, kutoka vidoleni hadi chini ya goti, akanieleza: kila Jumatano plasta itatolewa, mguu usukumwe juu kidogo, ifungwe nyingine. Tarehe ishirini na moja Mei atakuja daktari mpasuaji kutoka ng'ambo arefushe lile kano la kisigino. Huja mara moja kwa mwaka. "Mama," akasema, "usikose hata wiki moja. Mguu huu ukiachwa unarudi ulikokuwa."

Alhamisi, 6 Machi

Sweta mbili za shule nimemaliza. Sindano ya mashine imevunjika. Jua kali.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada Mzee Gordon, mweka hazina wetu, alisimama akasema Kombi ikiendelea kutusumbua itauzwa, kanisa si gereji. Huyu mzee alikuwa karani wa reli miaka thelathini na bado anavaa tai hata kwenda kununua sukuma wiki. Phelister alikaa kiti cha nyuma kabisa.

Jumatano, 12 Machi

Imechemka tena, palepale. Bwana mmoja mwenye pikapu akasimama kutusaidia, mtu mwema, akaenda moja kwa moja nyuma kufungua kifuniko cha maji. Phelister alimshika mkono akamvuta kwa nguvu hata kofia yake ikaanguka. Yule bwana akakasirika. "Dada, mimi nimeendesha gari kabla hujazaliwa!"

"Na macho yako bado unayataka?" Phelister akamwuliza.

Akaliacha gari lipoe mpaka aliweza kuweka kiganja juu ya kifuniko. Kisha akakifunika kwa gunia lenye maji, akakizungusha taratibu. Hata baada ya kungoja kote huko, mvuke ulitoka ukivuma, ukamwaga maji ya moto hadi kwenye lami. Yule bwana aliokota kofia yake akaenda zake.

Tumechelewa tena. Lakini nilikuwa nimesimama karibu na lile gunia na Mbeti mgongoni, na maji yale niliyaona.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikuwa nimekwenda soko la Burma kununua mifupa ya supu, nikapitia gereji ya Fundi Bedan, pale uwanjani nyuma ya bucha. Kombi ilikuwa imelala hapo, na Phelister chini yake, miguu tu ikionekana.

Bedan ni mtu mnene, mcheshi, anajulikana kote Eastlands kwa Kombi. Akanieleza bila kuulizwa. "Mathe, Kombi nimezijua tangu nikiwa kijana. Kombi haina maji! Inapozwa na upepo, mambo kwisha. Sasa hawa Wajerumani juzijuzi wameitia maji. Injini nyuma, rejeta ya kupozea maji mbele, na mabomba yanatambaa chini ya tumbo kutoka huku mpaka kule. Mimi naona gasketi imeenda. Tufungue injini yote."

Sauti ikatoka chini ya gari. "Gasketi ikienda mafuta yanachanganyika na maji. Mafuta haya ni safi. Nimeyaangalia."

"Basi ni nini?"

"Sijui bado."

Nilirudi nyumbani na hilo jibu. Sijui kama ni jibu la mtu hodari au la mtu asiyejua kazi.

Jumatano, 19 Machi

Hatukufika.

Ilichemka mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa saa saba mchana na bado hatujafika hata Kikuyu. Mvua ya kwanza ya masika ikatukuta hapo. Watoto tukawarudisha ndani, vioo vikajaa ukungu, mtoto wa Teresiah akatapika, na Phelister akaja mlangoni maji yakimtiririka usoni. "Tunarudi," akasema. "Nikiisukuma zaidi itakufa, na hamtakuwa na gari la wiki ijayo."

Nilimwambia maneno. Nilimwambia kwamba wiki ijayo si yangu, wiki yangu ni hii. Kwamba mguu wa mtoto haungoji. Kwamba kama angekuwa dereva kweli tungekuwa tumefika siku zote. Mbeti akanivuta kanga, "Mama, wacha."

Phelister alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuangalia kando. Kisha akasema, "Una haki ya kukasirika, Mama Mbeti," akafunga mlango wetu vizuri, akaenda kuketi mbele akaturudisha Jericho pole pole, akizima injini kila palipokuwa na mteremko.

Baba Mbeti amesema tuwaambie kanisa watafute mwanamume. Amekaa mlangoni akichonga twiga wake, asimalize. Nikamwambia ndiyo. Lakini nikiwa nakanda unga nimejikuta nikikumbuka vile alivyonisikiliza. Mimi nisingeweza.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumatano, 26 Machi

Tumekwenda kwa basi, Mbeti na mimi peke yetu. Wengine wameshindwa. Sitaki kuandika njia ilivyokuwa na plasta iliyolowa.

Daktari alipima mguu kwa kile chombo chake cha kupimia pembe, akatikisa kichwa. Tumepoteza karibu yote ya mwanzo. Ameanza upya. Wiki nyingine moja tukikosa, ataondoa jina la Mbeti na tungoje mpasuaji wa mwakani.

Jumapili, 30 Machi, Pasaka

Ibada nzuri, kwaya iliimba mpaka mabati yakaitikia. Phelister hakuonekana ndani. Nilipotoka nikamkuta uani nyuma ya kanisa, amelala kifudifudi juu ya karatasi ya boksi, ameweka sikio kwenye bomba la chini ya gari. Siku ya Pasaka!

Nilimletea chapati na ndengu kwenye sahani. Nilikuwa nimejiambia ni kwa sababu ya sikukuu. Alinawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, akala akiwa amekaa kwenye ngazi ya gari, na mimi nikakaa.

"Ulijifunza wapi haya?" nikamwuliza.

"Huduma ya vijana. Tulikuwa wasichana wanne kwenye karakana ya malori. Sajini alitupa kazi ya kufagia." Akakunja chapati. "Nilifagia karibu na injini."

Nikacheka. Naye akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Mumewe yuko Kisumu, fundi wa reli. Huonana mwisho wa mwezi. Alikuwa na kazi ya kuendesha lori la soda, akaiacha alipoona tangazo la kanisa. Nikamwuliza kwa nini aache kazi ya maana kwa ajili ya Kombi inayochemka.

"Kreti za soda hazina haraka ya kufika," akasema.

Nilitaka kumwomba radhi kwa yale ya barabarani. Akaniona nikianza, akanirudishia sahani. "Chapati zako ni laini, Mama Mbeti. Jumatano mniombee."

Jumatano, 2 Aprili

Tumefika! Na kwa njia ya ajabu, kwa hiyo naiandika yote.

Ilichemka Uthiru kama kawaida. Phelister akaona afadhali turudi kabla ya mvua, akageuza gari likatazama mjini, pua imeinamia mteremko, akaizima ipoe. Ilipopoa akajaza maji. Kijitangi cha maji kiko nyuma, karibu na injini, na leo kilikunywa maji kuliko siku zote. Tukasikia kikibubujika kama chupa inayojazwa mtungini. Akawasha. Tukaanza kushuka, sisi tumeinamisha vichwa. Baada ya kitambo akasimama tena.

"Mshale umelala," akasema.

Akangoja. Mshale haukuinuka. Akageuza gari tena, bila kutuuliza, na tukapanda ule mlima hadi hospitali, na kurudi, kama gari jingine kabisa. Teresiah alikuwa anaimba. Phelister peke yake hakufurahi. Nilimwuliza kwa nini.

"Gari likipona bila mimi kujua lilipona vipi, litaugua tena bila mimi kujua."

Jumamosi, 5 Aprili

Bedan amemwaga maji yote akabadilisha themostati, kile kifaa kinachoyafungulia maji njia yakipata moto, akajaza upya pale gerejini. Anasema sasa imekwisha maneno. Mzee Gordon hata hivyo amepata mnunuzi, mwenye duka la vifaa. Atakuja kuitazama Jumamosi ijayo.

Jumatano, 9 Aprili

Themostati mpya, maji mapya, na imechemka mapema kuliko siku zote. Tulikuwa hata hatujamaliza kuipita Westlands.

Akina mama walianza kugombana, huyu akisema tushuke tutafute basi, yule akisema tumpigie simu mchungaji. Mimi nilimtazama Phelister. Alikwenda nyuma, akaweka mkono karibu na injini, akauondoa upesi. Kisha akaenda mbele, akapitisha vidole kwenye matundu ya chuma usoni pa gari, akagusa rejeta. Akabaki hapo ameinama.

"Mama Mbeti, njoo uguse."

Niligusa. Ilikuwa baridi kama mtungi.

"Nyuma kunaungua, mbele kuna baridi," akasema. "Maji hayafiki huku. Kuna kitu kimekaa njiani. Si uchafu, mabomba niliyapiga maji mwenyewe." Magari yalikuwa yanatupigia honi. "Wiki jana pale Uthiru, nilipojaza maji, pua ya gari ilikuwa wapi?"

"Chini," nikasema. "Ulikuwa umegeuza turudi nyumbani. Mkia ulikuwa juu."

"Na Bedan alijaza mahali tambarare." Akasimama wima. "Ni upepo. Mama Mbeti, ni upepo! Umejifungia ndani ya maji. Upepo daima unapanda juu. Tulipoinua mkia ulitokea nyuma kwenye kijitangi, kile kibubujiko tulichosikia. Lakini si wote uliotoka, na Bedan alipomwaga maji akauingiza mwingine."

Aliniambia kwamba kule karakana, lori la dizeli likiishiwa mafuta, hata ukilijaza haliwaki mpaka uufungulie upepo mahali utokee. Anajua hivyo miaka kumi. Hakuwahi kufikiri kwamba maji nayo yanaweza kuzibwa na kitu kisicho kitu.

Akaligeuza gari mteremkoni, akajaza, kikabubujika, tukaenda. Tumefika tumechelewa, lakini tumefika. Muuguzi alikuwa amewaweka watoto wetu mwisho wa foleni badala ya kuwafuta. Daktari amepima: mguu umesogea.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua usiku kucha. Choo cha jirani kimefurika. Mbeti anajikuna ndani ya plasta kwa sindano yangu ya kufumia.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nataka kuandika mpaka karatasi iishe.

Phelister alikuwa amewaambia akina mama tufike uani pa kanisa asubuhi na ndoo. Bedan alikuja na sanduku lake la spana, shingo upande. Alikuwa anasema hajawahi kusikia gari linaloumwa upepo. Phelister hakubishana naye. Alimwuliza tu, "Fundi, kama ungekuwa wewe uliyeliunda hili gari, rejeta iko mbele na juu, tangi liko nyuma. Upepo ukikwama kichwani pa rejeta ungeutolea wapi?"

Bedan akajikuna. "Ningeweka kitundu."

"Basi tukitafute."

Wakafungua ule uso wa matundu, wakaulaza kwenye nyasi. Bedan alipiga magoti. Alisugua juu ya rejeta kwa kitambaa chenye petroli, akasugua tena, na chini ya rangi nyeusi pakatokea kichwa cha skrubu, si kikubwa kuliko kifungo cha koti. Bedan alikaa kwenye visigino vyake akakitazama. "Nilidhani ni nati ya kushikilia," akasema. Kisha akacheka kicheko kikubwa, cha mtu anayefurahi kwa kweli. "Dada, leo umenifundisha! Haya, niambie tufanye nini, mimi ni mkono wako." Nilimpenda Bedan kwa neno hilo. Kuna mafundi wangechukia.

Sasa pua ilitakiwa iwe juu, ili upepo wote ukimbilie kwenye kile kitundu. Kando ya ua kuna rundo la udongo wa murram waliloliacha watu wa barabara, limeshikamana kwa mvua. Tulilisukuma gari, akina mama na watu wawili waliokuwa wanapita, mpaka magurudumu ya mbele yakapanda juu ya rundo na Kombi ikatazama mbinguni. Tukaweka mawe nyuma ya magurudumu.

Hapo ndipo Mzee Gordon alipoingia na mnunuzi wake. Tai, mwavuli, viatu vya kung'aa. Akatukuta matope hadi magotini na gari la kanisa limesimama kama linataka kuruka ukuta.

"Ni nini hiki?"

"Tunalitoa upepo, Mzee," Phelister akasema. "Nakuomba saa moja. Likishindwa, uza."

Mzee alimtazama mnunuzi, akatazama mawingu. "Saa moja."

Phelister akapanda kwenye kiti. Alitupangia kazi kama mwalimu wa kwaya. Bedan mbele na bisibisi. Teresiah nyuma akimimina kwenye kijitangi, asiache kishuke hata kidogo. Wengine kwenye mstari kutoka mferejini, kwenye bomba la uani, ndoo mkono kwa mkono. Mimi nikaambiwa niweke kiganja kwenye rejeta, kando, mbali na feni, niseme ninachosikia.

Bedan akazungusha skrubu. Ikatoka sauti ndefu, nyembamba, *ssssss*, kama tairi. Hakuna hata tone la maji. Nilihisi nywele za mkono zikisimama. Tangu Machi tulikuwa tumebebana na huyo, abiria asiyeonekana.

"Mimina!" Phelister akaita, akawasha injini, akakanyaga mafuta kidogo, akaishikilia sauti hapohapo isipande wala isishuke.

"Mama Mbeti?"

"Baridi!"

Teresiah akimimina, maji yakizama. Ndoo, ndoo nyingine. Kitundu kikaanza kutema, mate mate, kisha povu.

"Mama Mbeti?"

"Bado baridi!"

Mstari wa ndoo ukakatika. Mama mmoja alikuwa ameteleza, maji yakamwagika, na Teresiah akapiga kelele kwamba kijitangi kinashuka. Kikiisha, upepo unaingia tena na tunaanza mwanzo. Nikamwona Mzee Gordon akiutupa mwavuli. Akaingia topeni na vile viatu, akachukua ndoo mferejini kwa mikono miwili, akakimbia nayo, kweli akakimbia, tai imerukia begani. Akaimimina mwenyewe. "Nyingine!" akaita. "Leteni nyingine!"

Povu likawa jembamba. Viputo vikawa kimoja, kingine, kisha kimoja cha mwisho kikubwa kilichopasuka na kumrushia Bedan maji usoni. Baada yake yakatoka maji matupu, uzi mmoja ulionyooka, unaong'aa.

Na chini ya kiganja changu chuma kikabadilika. Sikuamini mara moja. "Vuguvugu," nikasema. Kisha nikapiga ukelele hata watoto wakatoka kanisani. "Vuguvugu! Phelister, ni moto! Ni moto!"

"Funga!" akamwambia Bedan. Bedan akafunga. Teresiah akafunga kifuniko cha nyuma. Phelister akaliacha gari lingurume muda mrefu. Ile feni ya mbele, ambayo hatukuwahi kuisikia hata siku moja, ikaanza kuzunguka yenyewe, ikakaa, ikanyamaza. Mshale ukasimama katikati ukakataa kuondoka.

Mnunuzi alikuwa ameona yote. Akasema, "Mzee, mimi nalichukua hata leo."

Mzee Gordon alikuwa anakamua tai yake. Nilidhani atafurahi. Nimemjua mzee huyu kuwa mtu wa mahesabu tu. "Samahani kwa kukusumbua, bwana," akasema. "Haliuzwi." Kisha akamgeukia Phelister, akavua kofia. "Binti yangu, miaka thelathini nimefanya kazi na watu wa injini. Sikujua bado nina cha kuona."

Phelister alishuka. Alikuwa akifuta mikono kwenye ovaroli, sisi wengine tukiimba tayari. Nilimshika yote miwili. Nikamwomba radhi kwa yale ya barabarani, hapo hapo mbele za watu, na safari hii hakunikatiza.

Jumatano, 16 Aprili

Mshale haukusogea. Tumefika kabla ya daktari.

Jumatano, 23 Aprili

Mshale haukusogea. Mvua kubwa.

Jumatano, 30 Aprili

Mshale haukusogea. Mbeti amewafundisha wenzake kuchungulia begani kwa Phelister na kuitikia kwa pamoja, "Ka-ti-ka-ti!" Phelister anajifanya hasikii.

Jumamosi, 10 Mei

Bedan amepata Kombi nyingine ya maji, ya shule moja huko Buruburu, iliyokuwa imehukumiwa kununuliwa injini mpya. Ameitoa upepo akaiponya kabla ya chakula cha mchana. Anamwambia kila mtu aliyefundishwa na nani. Baba Mbeti alisikia habari hiyo kwa watu wa Burma, akarudi akaniuliza kama ni yule Phelister wetu. Nikamwambia ni huyohuyo uliyetaka afukuzwe. Akaendelea kuchonga kidogo. "Nami nilisema hivyo?" akauliza.

Jumanne, 20 Mei

Naandika nikiwa hospitali, kwenye benchi, Mbeti amelala.

Leo Mbeti alitakiwa awe kitandani saa nane mchana, apasuliwe kesho asubuhi. Tuliondoka mapema, mvua ikimwagika. Kupita Kikuyu kidogo barabara ikawa imefungwa: trela limelala ubavu, na foleni ndefu kama treni ya mizigo. Tulikaa, injini ikinguruma, tukisogea hatua mbili na kusimama. Mbele yetu gari moja likachemka, kisha la pili, mwenyewe akitoka na koti kichwani. Niliutazama mshale wetu. Katikati.

Polisi akaanza kuelekeza magari madogo yapitie njia ya mashamba ya chai. Udongo mwekundu, mlima, na mifereji ya maji pande zote mbili. Magari mawili yaliyotangulia yalikuwa yamekwama, magurudumu yakizunguka bure.

Phelister akasimama chini ya ule mlima akavuta breki ya mkono. "Akina mama, hamieni viti vya nyuma, wote. Mbanane. Huku nyuma ndiko injini iliko, ndiko magurudumu yanakosukuma. Uzito wetu utatusaidia."

"Na tukiteleza?" Teresiah akauliza.

"Tutateleza. Kisha tutapanda tena."

Tukabanana, watoto magotini. Akatia gia ya kwanza, wala hakukanyaga kwa nguvu. Aliliacha litafune lile tope polepole. Tulikwenda upande, mkia ukaelekea mferejini, mtu akataja jina la Yesu. Phelister akageuza usukani upande ule ule tulikokuwa tunaangukia, jambo ambalo mimi nisingelifanya kamwe, na gari likajinyoosha. Tuliyapita yale mawili yaliyokwama. Injini ilikuwa inalia kwa kazi. Mbeti alikuwa ameinua shingo yake achungulie juu ya bega la Phelister, na akasema kwa sauti ndogo, peke yake safari hii, "Katikati."

Saa saba na nusu nilikuwa nasaini karatasi ya kulazwa.

Jumatano, 21 Mei

Ametoka chumba cha upasuaji. Daktari mgeni alikuja kwangu amevua barakoa, akanionyesha kwa mikono yake jinsi kano lilivyokubali. Wiki sita za plasta. Nimelia mpaka muuguzi akaniletea chai.

Jumapili, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Mvua imepungua, baridi inaingia. Sweta zinauzika.

Jumatano, 2 Julai

Leo imetolewa plasta ya mwisho.

Phelister huwa haingii wodini. Hukaa garini, au hutembea kulizunguka, akisema harufu ya dawa inamsumbua. Leo Mbeti alimshika ovaroli akakataa kumwachia, ikabidi aje. Akasimama karibu na mlango, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa ofisini.

Daktari alikata, akafungua plasta kama ganda. Mguu ulikuwa mwembamba na mkavu, wenye magamba, wala sikujali, kwa sababu ulikuwa umenyooka. Tukamteremsha Mbeti kitandani, mimi mkono huu, muuguzi mkono ule. Vidole vikagusa kwanza, kama alivyozoea, na akasita hapo. Hajui sehemu iliyobaki inaelekea wapi. Daktari akamwambia, "Shusha, usiogope." Akashusha. Kisigino kikafika sakafuni, kikakaa.

Mbeti alitazama chini. Akaukandamiza mguu, akauinua, akaukandamiza tena.

"Mama," akasema, "hapa nyuma pia ni mimi."

Nikageuka nimtafute Phelister, nione kama amesikia. Alikuwa ameshatoka. Nilimwona kupitia dirisha, amelifungulia gari mlango wa nyuma, ameinama juu ya kijitangi kilichojaa pomoni, akijifuta uso kwa kile kitambaa chake cha kichwa, na alikaa hapo mpaka tukamkuta.